King's Cross: Dakika kumi na tano bila tone la maji

Moto ulioua watu 31 mjini London mwaka 1987 ulianza mdogo. Kilichoukuza ni mazoea ya kazini, na funzo lake lingali na uzito kwa kila mwenye duka, ofisi au kiwanda, London na Afrika Mashariki.

Jioni ya Jumatano, tarehe 18 Novemba 1987, mnamo saa moja unusu, abiria mmoja aliyekuwa akipanda ngazi ya umeme katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha King's Cross aliona mwanga wa moto chini ya vipandio. Alipofika juu alimwarifu karani wa tiketi. Karani akapiga simu kwa msimamizi wa zamu. Abiria mwingine akabonyeza kitufe cha kusimamisha ngazi.

Hadi hapo kila mtu alikuwa ametimiza wajibu wake, na moto wenyewe haukutisha. Ulikuwa mwisho wa saa za msongamano, watu wakirejea nyumbani kutoka kazini, na wengi walipita karibu na moshi ule wakiendelea na safari zao. Treni ziliendelea kuingia kituoni na kushusha abiria.

Askari wa kikosi cha zimamoto walipowasili, dakika zipatazo kumi na mbili baadaye, waliona moto uliolingana na boksi kubwa la karatasi linaloungua. Walijiandaa kuukabili kama walivyokabili mingine mingi ya aina hiyo. Lakini ilipotimia saa moja na dakika 45, mkondo wa moto ulifyatuka kutoka kwenye ngazi na kuingia katika ukumbi wa tiketi. Kwa muda wa sekunde chache tu ukumbi wote ulijaa moto na moshi mzito mweusi. Watu 31 walipoteza maisha, akiwemo Colin Townsley, afisa wa zimamoto wa kituo cha Soho, ambaye anaaminika kuwa alikuwa akijaribu kumsaidia abiria.

Uchunguzi uliofuata ulibaini jambo ambalo Waingereza wengi walishindwa kuliamini. Katika dakika zote kumi na tano, tangu moto uliporipotiwa hadi ulipolipuka, hakuna hata tone moja la maji lililokuwa limemwagwa juu yake.

Neno lililopumbaza

Ili kuelewa namna jambo hilo lilivyowezekana, inabidi kurudi nyuma ya jioni ile.

Reli ya chini ya ardhi ya London ni kongwe kuliko zote duniani. Safari zake za kwanza zilianza mwaka 1863, na kwa zaidi ya karne moja wafanyakazi wake walijivunia ujuzi waliorithishana kazini. Ngazi za umeme nyingi zilikuwa na vipandio na kuta za mbao. Ile iliyoungua King's Cross ilifungwa kabla tu ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Chini yake kulikuwa na reli za kuendeshea magurudumu, zilizopakwa grisi, na juu ya grisi hiyo yalikuwa yamejikusanya kwa miaka mingi mavumbi, nywele, vipande vya karatasi na nyuzi za nguo. Wachunguzi waligundua kuwa sehemu hiyo haikuwa imewahi kusafishwa kikamilifu tangu ngazi ilipojengwa.

Mioto midogo katika ngazi za aina hiyo ilikuwa imetokea mara nyingi. Kwa kuwa ilikuwa ikizimwa bila mtu kufa, ilianza kuonekana kuwa sehemu ya kazi, kama mvua kwa mkulima. Viongozi wa shirika waliizoea kiasi cha kutoiita moto. Katika lugha ya ndani ya shirika, tukio kama hilo lilielezwa kwa neno lenye maana ya kufuka moshi tu.

Neno linaweza kuonekana jambo dogo, lakini lilikuwa na matokeo yake. Anayeamini kuwa kitu kinafuka moshi tu hakimbilii simu. Huenda kutazama kwanza. Mazoea katika reli ile yalikuwa kwamba wafanyakazi wajaribu wenyewe kuukabili moto, na kikosi cha zimamoto kiitwe pale tu unapowashinda.

Onyo lilikuwa limekwishatolewa. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1984, miaka mitatu kasoro siku chache kabla ya King's Cross, moto mkubwa uliteketeza sehemu ya kituo cha Oxford Circus. Hakuna aliyekufa, na pengine hiyo ndiyo sababu funzo lake halikushika mizizi. Baada ya tukio hilo kikosi cha zimamoto kilitaka kiitwe mara moja kwa kila dalili ya moto, lakini mazoea hayakubadilika.

Uvutaji wa sigara ulikuwa umepigwa marufuku ndani ya treni mwaka 1984, na mwanzoni mwa 1985 marufuku hiyo ikapanuliwa hadi vituo vilivyo chini ya ardhi. Hata hivyo, wavutaji wengi walikuwa na tabia ya kuwasha sigara wakiwa kwenye ngazi, wakielekea nje. Wachunguzi walifikia uamuzi kwamba njiti ya kiberiti iliyowashwa ilipenya katika upenyo wa pembeni mwa ngazi na kuangukia kwenye grisi na takataka zilizokuwa chini.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika King's Cross ufa ulikuwa ukionekana kwa miaka mingi, na ulikuwa umepewa jina lisiloogofya.

Waliokuwa zamu

Msimamizi wa zamu alishuka kutazama. Chini ya ukumbi wa tiketi, katika chumba cha mitambo ya ngazi, kulikuwa na mfumo wa kunyunyiza ukungu wa maji uliowekwa mahsusi kwa ajili ya moto wa namna hiyo. Vali zake zilihitaji kufunguliwa kwa mkono. Msimamizi aliingia katika chumba hicho, akapita karibu na vali hizo, na hakuzifungua. Hakuwa amefundishwa kuzitumia.

Ni rahisi kumlaumu mtu mmoja, lakini uchunguzi haukuishia kwake. Ilionekana kuwa wafanyakazi wengi wa kituo walikuwa na mafunzo kidogo mno, au hawakuwa nayo kabisa, kuhusu kukabiliana na moto au kuwaondoa watu. Kituo hakikuwa na mpango wa kuwaondoa abiria. Vifaa vilikuwepo, lakini mkono wa kuvitumia haukuwa umeandaliwa.

Askari wawili wa polisi wa reli waliokuwa karibu walifika wakaona moto. Redio zao za mawasiliano hazikufanya kazi chini ya ardhi, hivyo ilibidi mmoja wao apande hadi barabarani ndipo aweze kuita zimamoto. Dakika zikazidi kuyoyoma.

Polisi waliamua kuwatoa abiria waliokuwa chini. Kwa kuwa ngazi za njia ya Piccadilly zilikuwa na moto, waliwaelekeza watu kupitia ngazi za njia ya Victoria. Ulikuwa uamuzi wa nia njema. Lakini ngazi hizo nazo zilifika katika ukumbi ule ule wa tiketi, na baadhi ya walioelekezwa huko waliingia ukumbini wakati moto ulipolipuka. Baadaye mamia ya watu waliokwama chini waliokolewa kwa kupakiwa kwenye treni na kupelekwa vituo vingine, njia ambayo ilikuwepo tangu dakika ya kwanza.

Kuna kisa kimoja ndani ya mkasa huo ambacho hakikupata nafasi kubwa magazetini. Polisi mmoja, akiwa na mtu aliyeungua vibaya, alijaribu kutoka kupitia njia ya chini inayoelekea majukwaa ya reli nyingine iliyo jirani. Huko walikuta geti la chuma limefungwa kwa kufuli. Hawakuweza kwenda mbele, na nyuma kulikuwa na moto. Waliokolewa na mfanyakazi wa usafi aliyekuwa akipita upande wa pili, ambaye alilifungua geti hilo.

Mwenye uwezo wa kuokoa maisha katika dakika hiyo alikuwa mtu wa ufagio aliyekuwa na ufunguo. Kuwapo kwake mahali hapo kulikuwa bahati tu, si matokeo ya mpango wowote.

Tume ya Fennell

Serikali ya Uingereza ilimteua mwanasheria Desmond Fennell kuongoza uchunguzi wa hadhara. Vikao vyake viliendelea kwa siku 91 katika mwaka 1988, na ripoti ilitolewa mwezi Novemba mwaka huo ikiwa na mapendekezo 157.

Sehemu moja ya kazi ya tume ilikuwa ya kisayansi. Wataalamu walitumia kompyuta kuonesha jinsi ndimi za moto zilivyolala ndani ya mfereji wa ngazi badala ya kupanda juu, zikaukausha na kuupasha joto ubao uliokuwa mbele yake, kisha zikafyatuka kwa mkupuo kuelekea ukumbini. Wengine hawakuamini matokeo hayo hadi majaribio ya moto halisi kwenye mfano mdogo wa ngazi yalipoyathibitisha. Tabia hiyo ya moto haikuwa imefahamika vyema hapo kabla, na hivyo askari wa zimamoto waliofika hawakuwa na sababu ya kuitarajia.

Lakini sehemu ya ripoti iliyotikisa ofisi nyingi ilihusu uongozi. Fennell alionesha kuwa usalama ulikuwa umegawanywa baina ya idara hadi ukakosa mwenyewe. Ngazi zilikuwa chini ya wahandisi, abiria walikuwa chini ya idara ya uendeshaji, na taarifa za mioto iliyotangulia, pamoja na mapendekezo yake, hazikufika au hazikuzingatiwa na wale wenye uwezo wa kuamua. Wakuu walijiamini kupita kiasi na hawakuona haja ya kujifunza kwa watu wa nje. Viongozi wakuu wa Shirika la Usafiri la London na wa reli ya chini ya ardhi walijiuzulu.

Kanuni mpya zilitungwa mwaka 1989 kwa ajili ya vituo vilivyo chini ya ardhi. Miongoni mwa mengine, zilitaka wafanyakazi wafundishwe kuhusu moto na idadi maalumu iwepo kazini. Mbao zilianza kuondolewa katika ngazi, kazi iliyochukua miaka mingi. Ngazi ya mwisho ya mbao katika mtandao huo, iliyokuwa kituo cha Greenford, iliondolewa mwaka 2014.

Mmoja wa waliokufa alizikwa bila jina. Ilichukua zaidi ya miaka 16, hadi mwaka 2004, kumtambua.

Mabomu katika mtaa wa fedha

Miaka michache baada ya ripoti ya Fennell, sehemu nyingine ya London ililazimika kujifunza somo linalofanana na hilo, safari hii kutokana na vita.

Mtaa wa City, wenye mabenki na makampuni ya bima, ulishambuliwa na kundi la IRA lililokuwa likipinga utawala wa Uingereza katika Ireland ya Kaskazini. Usiku wa tarehe 10 Aprili 1992 bomu lililipuka karibu na jengo la Baltic Exchange na kuua watu watatu. Mwaka mmoja baadaye, asubuhi ya Jumamosi tarehe 24 Aprili 1993, lori lililosheheni mabomu lililipuka katika barabara ya Bishopsgate. Onyo lilikuwa limetolewa kwa simu, na polisi walikuwa wakiwaondoa watu. Mpiga picha mmoja wa gazeti aliuawa na watu zaidi ya 40 walijeruhiwa. Hasara ilifikia mamia ya mamilioni ya pauni.

Lengo la mashambulio hayo lilikuwa kuvuruga uchumi, na kwa hiyo swali lililoulizwa Jumapili yake lilikuwa la kibiashara: nani ataweza kufungua milango Jumatatu?

Ndipo ilipodhihirika tofauti baina ya makampuni. Yaliyokuwa yamehifadhi nakala za kumbukumbu zao nje ya jengo, yaliyokuwa na ofisi ya akiba upande mwingine wa jiji, na yaliyokuwa na orodha ya simu za nyumbani za wafanyakazi, yaliweza kuendelea. Yaliyokuwa na kila kitu ndani ya jengo moja yalibaki yakisubiri ruhusa ya polisi kuvuka utepe ili kuokota mafaili miongoni mwa vioo vilivyovunjika.

Tangu hapo suala la mwendelezo wa biashara lilitoka katika chumba cha kompyuta na kuingia katika vikao vya wakurugenzi. Sheria ya mwaka 2004 kuhusu dharura iliwapa wakuu wa serikali za mitaa nchini Uingereza jukumu la kuwashauri wafanyabiashara namna ya kujiandaa. Mwaka 2006 Uingereza ilianza kuchapisha viwango vyake vya fani hiyo, na mwaka 2012 vikafuatiwa na kiwango cha kimataifa kinachojulikana kwa namba ISO 22301.

Somo jingine la City lilihusu mahali pa kukimbilia. Kwa desturi, kengele ikilia watu hutoka nje. Lakini bomu linapokuwa barabarani, nje ndiko kwenye hatari, na vioo vya madirisha hugeuka visu. Makampuni mengi yalianza kutenga vyumba vya ndani, mbali na madirisha, na kuwafundisha wafanyakazi kwamba ziko dharura za kutoka na ziko dharura za kubaki ndani.

Vioo vya Nairobi

Thamani ya somo hilo ilionekana kwa uchungu jijini Nairobi miaka mitano baadaye. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, watu waliojaribu kuingia kwa nguvu katika ubalozi wa Marekani, kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, walirusha guruneti. Mlio huo ulisikika katika maofisi ya jirani. Wafanyakazi wengi waliinuka vitini na kwenda madirishani kutazama kulikoni.

Muda mfupi baadaye bomu kubwa lililipuka. Watu zaidi ya 200 waliuawa Nairobi na maelfu walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo. Wapo waliopoteza macho kwa sababu tu walifanya lile ambalo karibu kila binadamu hulifanya asikiapo kishindo. Siku hiyo hiyo ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam nao ulishambuliwa, na watu 11 wakauawa.

Hakuna anayeweza kuwalaumu waliokwenda madirishani. Udadisi ni maumbile. Ndiyo maana wataalamu wa usalama husisitiza mazoezi badala ya maelezo: mwili ukizoezwa mara kadhaa kujitenga na dirisha usikiapo mlio, hautasubiri akili itafakari.

Aliyekataa amri ya kubaki

Mfano unaotajwa mara nyingi katika fani hii unatoka New York, ingawa mhusika wake alizaliwa Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Rick Rescorla alikuwa mkuu wa usalama wa kampuni ya Morgan Stanley, iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 2,700 katika jengo la kusini la World Trade Center. Baada ya bomu la mwaka 1993 katika maegesho ya World Trade Center, aliwalazimisha wote, wakubwa kwa wadogo, kufanya mazoezi ya kushuka ngazi mara kwa mara. Wapo walionung'unika kwamba anawapotezea muda wa kazi.

Tarehe 11 Septemba 2001, ndege ya kwanza ilipogonga jengo la kaskazini, tangazo katika jengo la kusini liliwataka watu wabaki ofisini. Rescorla hakulifuata. Aliwaamuru wafanyakazi washuke, na karibu wote walinusurika. Yeye alirudi juu kuwatafuta waliosalia, na hakuonekana tena.

Kisa hicho kinafafanua kilichokosekana King's Cross. Mafunzo peke yake hayatoshi. Anayeona hatari lazima awe na ruhusa ya kuchukua hatua bila kusubiri mkubwa wake, na awe na hakika kwamba akikosea kwa kuchukua tahadhari hatoadhibiwa.

Redio zilizosahauliwa

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 7 Julai 2005, London ilipimwa upya. Mabomu matatu yalilipuka karibu kwa wakati mmoja ndani ya treni za chini ya ardhi, na la nne ndani ya basi katika uwanja wa Tavistock. Watu 52 waliuawa. Lililoua wengi zaidi, watu 26, lililipuka kwenye njia ya Piccadilly, muda mfupi baada ya treni kuondoka King's Cross.

Safari hii mengi yalikuwa yamebadilika. Uongozi wa reli uliamua kuwatoa abiria katika mtandao mzima, na kazi hiyo ilifanyika kwa utulivu. Wafanyakazi wa vituo walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia katika mahandaki yenye giza na moshi kuwasaidia majeruhi. Walijua wafanye nini, na walijua kwamba ni kazi yao.

Lakini jambo moja halikuwa limebadilika vya kutosha. Kamati ya Baraza la London iliyochunguza matukio ya siku hiyo ilibaini katika ripoti yake ya mwaka 2006 kwamba, ukiacha polisi wa reli, vikosi vya uokoaji vilikuwa bado haviwezi kuwasiliana kwa redio chini ya ardhi. Tume ya Fennell ilikuwa imependekeza hatua zichukuliwe kuhusu suala hilo miaka mingi nyuma. Wajumbe walitumwa kwa miguu kupeleka habari kutoka handakini hadi barabarani, kama alivyofanya yule polisi wa mwaka 1987.

Pendekezo lililoandikwa, likachapishwa na kukubaliwa, lilikuwa limelala kabatini kwa karibu miongo miwili.

Sheria ipo

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, hadithi hii haipaswi kusomwa kama habari ya nchi ya mbali.

Nchini Kenya, kanuni za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zilitolewa mwaka 2007. Zinamtaka mwajiri awe na kikundi cha kuzima moto na afanye zoezi la moto angalau mara moja katika kila miezi 12. Tanzania ilitunga sheria ya usalama na afya mahali pa kazi mwaka 2003, na sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mwaka 2007. Karatasi zipo.

Lakini mnamo tarehe 28 Januari 2009, chini ya miaka miwili baada ya kanuni hizo za Kenya, moto uliteketeza duka la Nakumatt Downtown katikati ya Nairobi, mchana, likiwa na wateja ndani. Watu zaidi ya 20 walikufa. Baadhi ya walionusurika na jamaa za waliopotea walidai kuwa milango ilifungwa watu wakiwa bado ndani, kwa kuhofia wizi. Madai hayo yalizusha ubishi mkali. Lisilo na ubishi ni kwamba swali la nani ana ufunguo, na nani ana ruhusa ya kufungua, lilikuwa limejitokeza tena, kilomita maelfu kutoka King's Cross.

Katika miji ya mwambao na ya bara, geti la chuma na kufuli ni vitu vya kawaida dukani, godauni na hata katika mabweni ya shule. Vimewekwa dhidi ya mwizi, na mwizi ni hatari ya kweli. Lakini mlango unaomzuia mwizi usiku humzuia pia mfanyakazi moto unapozuka. Mwenye biashara ndogo hana uwezo wa kukodi ofisi ya akiba kama benki ya City. Hata hivyo, zipo hatua ambazo hazigharimu fedha nyingi: ufunguo wa mlango wa nyuma uwe mahali ambapo kila aliye zamu anapajua, njia ya kutokea isigeuzwe stoo ya mabunda na makreti, mtungi wa kuzimia moto uwe umewahi kushikwa na mkono wa yule anayetarajiwa kuutumia, mahali pa kukusanyika pajulikane, na pawepo mtu wa kuhesabu nani ametoka na nani hajaonekana, daftari la wadeni na wadai liwe na nakala yake nyumbani.

La maana kuliko yote ni kwamba mlinzi, mfagizi, mpishi na msaidizi wa duka wawemo katika zoezi. Mara nyingi mafunzo hutolewa kwa mameneja katika ukumbi wa hoteli, wakarudi na vyeti. Moto ukizuka alfajiri, meneja yuko nyumbani amelala. Aliyepo ni mlinzi.

Leo msafiri anayepita katika ukumbi wa tiketi wa King's Cross atakuta kibao cha kumbukumbu na saa ya ukutani kwa ajili ya waliokufa mwaka 1987. Wengi hupita bila kusimama, wakiwahi treni. Ngazi wanazozipanda ni za chuma. Wafanyakazi waliosimama karibu nazo wamefundishwa njia za kutokea, na wanapoona moshi hawautafutii jina la kupunguza ukali wake. Wanauita moto, na wanaita zimamoto.